Picha kwa Wati Moja: Hesabu ya Ripita za Televisheni za Waredio wa Ridhaa

Mazungumzo kwenye redio ya mkononi ya VHF hukalia upana wa masafa wa kilohezi 12.5. Picha ya televisheni ya analojia, ikirushwa kwa mtindo wa FM kama waredio wa ridhaa wa Uingereza walivyofanya kwa miaka mingi, hukalia megahezi 16 hivi. Ukigawanya, picha moja inachukua nafasi ya mazungumzo 1,280. Ukitaka kujua kwa nini televisheni ya watu wa ridhaa ilikuwa ghali, na kwa nini leo kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuipokea akiwa Temeke au Kisumu, anza na namba hiyo.

Waredio wa ridhaa ni watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifunza na kufanya majaribio, bila biashara. Kila mmoja ana ishara yake ya kujitambulisha: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Oman A4. Marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na yake, A41AA. Wengi huzungumza kwa sauti au kwa mlio wa Morse. Wachache hurusha picha, na kwa Uingereza hao wana chama chao tangu 1949, British Amateur Television Club, maarufu kama BATC.

Chombo kinachowaunganisha ni ripita, yaani kituo kinachosimama mahali pa juu, kikapokea picha dhaifu kwenye masafa fulani na kuirusha upya papo hapo, kwa nguvu, kwenye masafa mengine. Nchini Uingereza ishara za ripita nyingi huanza na GB3. Mwenye kamera yake sebuleni anarusha picha kuelekea kilimani, na wenzake wa wilaya nzima wanaiona. Huku picha ikienda, wanasemezana kwa sauti kwenye megahezi 144.750: "Rangi imekaa sawa," "sauti inakatika," "geuza antena kidogo."

Umuhimu wa kilima unapimika. Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu kama mwanga, na umbali wake hadi upeo wa macho hupatikana kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, jibu likiwa kilomita. Antena mbili za nyumbani, kila moja mita 10 kutoka ardhini, zinafikiana kwa kilomita 26. Weka ripita kwenye kimo cha mita 200, na nyumba ileile yenye antena ya mita 10 itaifikia kutoka kilomita 71. Watu wawili walio pande mbili za kilima hicho sasa wanaonana kwa kilomita 142, kila mmoja akiwa na mtambo uleule aliokuwa nao jana. Vilima vya Ngong vinasimama zaidi ya mita 600 juu ya jiji la Nairobi. Kwa kanuni hiyohiyo upeo wake karatasini unapita kilomita 100. Miti, majengo na vilima vya katikati hupunguza, lakini ukubwa wa faida unaonekana.

Sasa turudi kwenye upana. Kila mpokeaji, hata awe mzuri namna gani, anasikia kelele ya asili inayotokana na joto. Upana wa masafa ni kama dirisha: ukilifungua zaidi ili picha ipite, vumbi nalo linaingia zaidi. Dirisha la megahezi 16 huingiza kelele mara 1,280 ya dirisha la sauti, na mrushaji anatakiwa kuishinda kelele hiyo yote kwa nguvu yake. Asipoweza, mtazamaji anaona chenga.

Upana huo ulileta tatizo la pili. Bendi ya waredio wa ridhaa ya karibu megahezi 435 nchini Uingereza ina upana wa megahezi 10, kutoka 430 hadi 440. Picha ya megahezi 16 haiingii humo hata ikisukumwa. Ikawabidi wapande hadi bendi ya megahezi 1,300, na huko ripita nyingi za analojia zilikuwa zikipokea kwenye 1,249 na kurusha kwenye 1,316. Lakini kupanda masafa nako kuna gharama. Kwa antena zenye ukuzaji uleule, mawimbi ya megahezi 1,316 hufika yakiwa dhaifu mara 9 kuliko ya megahezi 437 kwa umbali huohuo, maana masafa yameongezeka mara 3 na upungufu hukua kwa mraba wake.

Waya wa antena nao unakula. Waya mwembamba wa aina ya RG-58, ule ambao mafundi wengi wanao dukani, hupoteza karibu desibeli 0.7 kwa kila mita kwenye megahezi 1,300. Mita 20 kutoka chumbani hadi juu ya mlingoti ni desibeli 14. Ukitia wati 10 chini, juu inafika chini ya nusu wati. Nyingine zote zimeishia kuupasha waya joto. Waya mnene wa daraja la LMR-400 hupoteza karibu desibeli 3 kwa urefu huohuo, kwa hiyo juu zinafika wati 5. Ndiyo maana mzee yeyote wa televisheni ya ridhaa ukimwuliza aanze kununua nini, atakutajia waya kabla ya mtambo.

Teknolojia ya dijitali iliibadilisha hesabu hii. Leo mtindo ulioenea Uingereza kwa masafa ya chini ni picha ya dijitali yenye kasi ya alama 333,000 kwa sekunde. Kila alama hubeba biti 2, robo ya biti hizo hutumika kurekebisha makosa ya njiani, na zinazobaki ni kama biti 500,000 kwa sekunde. Zamani utangazaji wa dijitali wa picha ya kawaida ulihitaji biti milioni 3 au 4 kwa sekunde. Lakini ufinyazaji wa H.265 uliomo kwenye simu na kamera za sasa unaifanya nusu milioni itoshe kwa picha safi ya mtu anayezungumza mezani pake.

Picha hiyo inakalia megahezi 0.45. Linganisha na 16: imepungua mara 35. Na kwa kuwa sasa inaingia kwenye bendi ya megahezi 437, ile adhabu ya mara 9 nayo inaondoka. Zidisha 35 kwa 9, upate 315. Karatasini, kazi iliyohitaji wati 50 kwa FM ya megahezi 1,316 inahitaji theluthi ya nusu wati kwa dijitali ya megahezi 437. Nje ya karatasi kuna miti, kuta na kelele za mjini, na mtu mwenye busara atajiwekea akiba. Hata akijiwekea akiba ya mara 6, anafika wati 1. Wati 1 hutoka kwenye kipande cha saketi kinachokaa kiganjani.

Vifaa vilifuata mkondo huo. BATC wana mradi wa wazi unaoitwa Portsdown, unaotumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo toleo lake la 4 lilianza kuuzwa 2019 kwa dola 35. Kwa upande wa kupokea kuna MiniTiouner, kifaa kilichobuniwa Ufaransa, kinachosoma picha za kasi ndogo sana ambazo visimbuzi vya madukani havizigusi. Michoro ya vyote viwili inapatikana bure, na mwanachama hujiunganishia mwenyewe.

Hata hivyo ripita yenyewe haikushuka bei kwa mara 300, na hapa wengi hukosea wanapopanga bajeti. Ripita inasikiliza na kupiga kelele kwa wakati mmoja ndani ya sanduku moja. Picha dhaifu kabisa inayoweza kusomeka kwa kasi ile ya alama 333,000 inafika ikiwa na nguvu ya sehemu 4 kwa elfu ya pikowati. Mita moja pembeni yake kuna mtambo unaorusha wati 10. Uwiano kati ya viwili hivyo ni mara trilioni 2,500. Bila filta nzuri, ripita inajiziba masikio yenyewe. Ilipokuwa inapokea kwenye 1,249 na kurusha kwenye 1,316, filta zilihitaji uangalifu mkubwa: masanduku ya chuma yaliyo matupu ndani, yanayokazwa skrubu kidogokidogo huku mtu akitazama kipimo. Ikipokea kwenye 437 na kurusha kwenye 1,316, umbali kati ya masafa hayo ni mkubwa na filta inakuwa rahisi. Faida ya dijitali imejificha hapo pia.

Kisha umeme. Ripita ya analojia inayokula wati 250 usiku na mchana inamaliza yuniti 2,190 kwa mwaka. Kwa bei ya peni 25 kwa yuniti, iliyo karibu na bei ya majumbani Uingereza ya miaka hii, ni pauni 547. Ya dijitali ya wati 60 inamaliza yuniti 526, sawa na pauni 131. Ikipangwa ilale kwa wati 15 na kuamka saa 4 tu kwa siku wakati watu wanaitumia, yuniti zinakuwa 197 na bili inashuka hadi pauni 49. Kwa Tanzania, kwa bei ya shilingi 356 kwa yuniti pamoja na tozo, ripita hiyo inayolala ingelipa kama shilingi 70,000 kwa mwaka. Ile isiyolala ingelipa 187,000.

Nchini Uingereza leseni ya mredio binafsi haina ada ikiombwa mtandaoni, tangu mwishoni mwa 2006. Kinachobaki ni mahali: mnara wa maji, paa la jengo, shamba la mtu mwenye moyo mwema. Mahali hapa ndipo klabu nyingi hufia. Mwenye mnara akiamua kutoza bei ya soko, ile anayotoza kampuni za simu, hakuna klabu ya watu wa ridhaa itakayoweza. Ripita nyingi zinasimama kwa sababu ya fadhila, na fadhila haina mkataba wa miaka kumi. Katika hesabu yote ya televisheni ya ridhaa hili ndilo eneo dhaifu kupita yote, na halitatuliwi kwa saketi bora zaidi.

Tishio jingine limo kwenye masafa yenyewe. Satelaiti za Ulaya za kuonyesha njia, Galileo, hutumia megahezi 1,278.75, katikati ya bendi ya waredio wa ridhaa ya 1,240 hadi 1,300. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023 ulilijadili suala hilo na kuwabana waredio ili wasiziingilie satelaiti hizo. Ripita za zamani zinazopokea kwenye 1,249 ziko ndani ya eneo hilo. Anayejenga mpya leo angefanya vyema kuingiza picha zake kupitia 437.

Yote hayo ni ya kilimani, na kilima kina mpaka wake. Tarehe 15 Novemba 2018 roketi ya Falcon 9 iliondoka Florida, Marekani, ikiwa na satelaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2. Ilitengenezwa na Mitsubishi Electric ya Japani na ina uzito wa zaidi ya tani 5. Kazi yake kubwa ni televisheni ya biashara. Lakini wenyewe, kampuni ya Es'hailSat, pamoja na chama cha waredio wa ridhaa wa Qatar na wataalamu wa AMSAT-DL wa Ujerumani, walikubaliana kubakiza ndani yake nafasi ya watu wa ridhaa, ambayo sasa ni upana wa nusu megahezi kwa sauti na megahezi 8 kwa televisheni. Februari 2019 ikafunguliwa, ikapewa jina la QO-100. Ni ripita ya kwanza ya waredio wa ridhaa kukaa juu ya ikweta bila kuhama, kilomita 35,786 kutoka ardhini, longitudo ya digrii 25.9 Mashariki.

Bei ya kutangaza ya safari moja ya roketi ile mwaka huo ilikuwa dola milioni 62, bila satelaiti yenyewe. Hakuna harambee ya watu wa ridhaa duniani ingefikia hapo. Wamepanda gari la mwenye safari yake, na mwenye gari hakuwadai nauli. Kilima hiki kipya kinaonekana kutoka Brazili hadi Thailand, pamoja na Ulaya yote na Afrika yote. Maskati inakiona kwa kimo cha digrii 44. London inakiona kikiwa chini kusini-mashariki, digrii 26. Dar es Salaam inakiona kwa digrii 72, karibu utosini, bila mti wala ghorofa kukizuia. Nairobi ni kama digrii 77. Kwa mahali pa kusimama, sisi tumepewa nafasi bora kuliko waliokijenga.

Kupokea kunagharimu nini? Dishi la sentimita 80 au 90 tayari liko juu ya mapaa yetu mengi, hata pale kisimbuzi kilipokwisha kufa. LNB ya kawaida, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi na kupokea mawimbi, ni dola 10 hadi 15 mtandaoni. Kipokezi cha USB cha RTL-SDR ni kama dola 35. Ongeza kebo na kifaa cha kulishia LNB umeme, dola 20. Jumla ni kama dola 70, yaani shilingi 180,000 hivi za Tanzania, na programu ya kusoma picha, kwa mfano SDRangel, ni bure.

Kuna mitego miwili hapa, nayo imewakatisha tamaa wengi. Wa kwanza ni hesabu ya kutoa. Picha ya kudumu ya QO-100, ile ya kujipimia, iko kwenye megahezi 10,491.5. LNB huyashusha masafa kwa kutoa 9,750, kwa hiyo kinachoshuka kwenye waya ni 741.5. Kisimbuzi cha dukani huanza kusikiliza kwenye 950. Hata ukikipa vipimo vyote sahihi, hakitaona kitu, na wala hakijaharibika. RTL-SDR na MiniTiouner huishika 741.5 bila shida.

Mtego wa pili ni volti. LNB huchagua upande wa mawimbi kwa volti inayolishwa: 13 kwa wima, 18 kwa mlalo. Televisheni ya QO-100 inashuka kwa mlalo, kwa hiyo inahitaji 18. RTL-SDR haina volti hizo, na zikiingia ndani yake kwa bahati mbaya zinaiua palepale. Kifaa cha kulishia umeme lazima kiwe cha aina inayopeleka volti juu kwenye LNB na kuzizuia zisirudi kwenye kompyuta. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka USB: upande wa LNB usome 18, upande wa kipokezi usome sifuri.

Kurusha ni daraja lingine, na lazima uwe na leseni, ya TCRA kwa Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Picha hupanda kwenye masafa ya kati ya megahezi 2,401.5 na 2,409.5, ndani ya eneo linalotumiwa pia na Wi-Fi, na hilo ni bahati njema, kwa kuwa vikuza nguvu vilivyotengenezwa kwa ajili ya Wi-Fi vinapatikana kwa wingi. Kwa picha ya kasi ya alama 333,000, dishi la mita 1.2 na wati 20 hivi vinatosha. Bajeti yangu ya makadirio ni hii: redio ya programu ya aina ya Pluto dola 230, kikuza nguvu 150, Raspberry Pi 60, dishi 80, kamera na chanzo cha umeme 80. Jumla ni dola 600, kama shilingi 1,560,000. Kwa mtu mmoja ni fedha nyingi. Kwa chuo cha ufundi chenye wanafunzi 40 darasani ni shilingi 39,000 kwa kichwa, mara moja tu, kwa kifaa kitakachofundishia redio, antena, ufinyazaji wa picha na nidhamu ya masafa. Nidhamu ni sehemu ya somo: hakuna anayeruhusiwa kurusha kwa nguvu inayopita ile picha ya kudumu, na kituo kilichopo Goonhilly, Cornwall, pale pale palipopokelewa picha za Telstar mwaka 1962, huonyesha mawimbi ya kila mmoja mtandaoni ili wote waone.

Hukumu yangu ni kwamba Afrika Mashariki isianze na ripita ya kilimani. Wenye leseni ni wachache na wametawanyika, na klabu ndogo itazeeka ikitafuta mahali pa kuweka mlingoti. Ianze na ya angani, ambayo kodi yake imeshalipwa, ijenge watu kwanza. Vilima vya Ngong, Usambara na Uluguru havitahama.

Satelaiti hii ilikusudiwa kudumu miaka 15 na zaidi tangu 2018. Walimu wa VETA, wa DIT na wa vyuo vya Kenya na Uganda wasingoje mradi wala mfadhili kwa jambo la shilingi 180,000. Kwa atakayeanza wiki hii akiwa Dar es Salaam: elekeza dishi magharibi-kaskazini-magharibi, karibu digrii 297 za dira, mwinuko digrii 72, izungushe LNB polepole hadi ishara ipande, volti 18, masafa 10,491.5; kasi ya alama elfu 1,500 kwa sekunde; kiwango cha marekebisho 4/5.